Ronaldo de Lima hakukatika ACL: jibu kwa straika mwenye goti linalouma

"Shikamoo daktari. Mimi ni straika, nina miaka 22, nacheza ligi ya mkoa na ndondo. Goti la kulia linaniuma chini kidogo ya pia, kile kifupa cha mbele ya goti, huu sasa ni mwezi wa saba. Nikianza mazoezi linauma, nikishapata moto linaacha, usiku linarudi, na asubuhi kushuka ngazi ni kazi. Nilipumzika wiki tatu likatulia kabisa, nikacheza mechi mbili likarudi vilevile. Kocha anasema nichomwe sindano nimalize mashindano kwanza, maana hata Ronaldo de Lima, yule straika wa Brazil, alikatika ACL mara mbili akarudi akachukua Kombe la Dunia. Mjomba yeye anasema Ronaldo alirudi mzito na kitambi kwa uzembe wake. Nimwamini nani? Nichome sindano? Na ule mkato wake wa nywele wa mwaka 2002 ulikuwa na maana gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza unipunguzie cheo: mimi ni mfiziotherapia, si daktari wa upasuaji. Kazi yangu ni kumpokea mtu kabla hajafika kwenye kisu, au baada ya kisu, na kumrudisha uwanjani. Magoti kama lako nayaona kila wiki, na karibu kila wiki jina la Ronaldo linatajwa chumbani kwangu, mara nyingi na kijana ambaye hakuwa amezaliwa Ronaldo alipoumia.

Nikikusoma vizuri, umekwama kati ya mambo mawili. Unaogopa kupoteza mashindano, na unaogopa kupoteza goti. Halafu umepewa mfano wa mtu mkubwa aliyepata vyote. Basi tuanze na mfano wenyewe, kwa sababu umesimuliwa vibaya, na ukisimuliwa vizuri unajibu karibu maswali yako yote.

Ronaldo hakukatika ACL. Najua kila kijiwe kinasema hivyo, kwa sababu siku hizi goti likiumia tu watu wanasema ACL. Hiyo ACL ni ligamenti iliyo ndani kabisa ya goti, inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Kilichomkatikia Ronaldo kiko nje, na unaweza kukigusa sasa hivi hapo ulipokaa. Nyoosha mguu, kaza paja, halafu weka kidole gumba chini ya pia ya goti. Utakuta mkanda mgumu unaoshuka hadi kwenye kinundu kilicho juu ya ugoko. Hiyo ndiyo kano ya pia. Msuli wote mkubwa wa mbele ya paja, ule unaopiga shuti, unaoruka, unaofunga breki ukikimbia, unaivuta ile pia juu, na pia inauvuta muundi kupitia mkanda huo mmoja. Hakuna njia nyingine. Mkanda ukikatika, paja linaweza kukaza linavyotaka, mguu haunyooki.

Sasa kidole kilipo, bonyeza pale pale chini ya ncha ya pia. Kama umeruka kidogo kwenye kiti, tumeelewana: mahali pako panapouma ndipo palipomkatikia Ronaldo. Usiogope sentensi hiyo, nitaifafanua.

Goti lake la kulia halikuanza shida Italia. Mwaka 1996, akiwa PSV ya Uholanzi na umri wa miaka 19, lilishafanyiwa upasuaji. Baada ya hapo akaenda Barcelona akafunga mabao 47 katika mechi 49 kwa msimu mmoja. Watu wakasahau kulikuwa na goti. Mtafute kwenye ile mechi ya Compostela, Oktoba 1996. Anapokea mpira nyuma ya mstari wa kati, wanamvuta jezi, wanampiga miguu, anawaburuza hadi golini, na kwenye benchi kocha wake Bobby Robson anashika kichwa kwa mikono miwili. Wewe unaangalia mabeki wanavyoachwa. Mimi naangalia zile breki. Anakimbia kasi yote, anasimama ghafla, anageuka, anaondoka tena. Kila breki moja ni mzigo wa mara kadhaa ya uzito wa mwili unaopita kwenye ule mkanda wa upana wa vidole viwili. Uchezaji wake wote ulikuwa mkopo kutoka kwenye kano ya pia.

Mkopo ulidaiwa tarehe 21 Novemba 1999, akiwa Inter ya Italia, ikicheza na Lecce. Kano ya goti la kulia ikachanika sehemu, haikukatika yote. Akafanyiwa upasuaji Paris na Profesa Gérard Saillant. Kisha tarehe 12 Aprili 2000, mechi ya kwanza kati ya mbili za fainali ya Kombe la Italia kule Roma dhidi ya Lazio, akaingia kipindi cha pili. Hesabu siku: kutoka kuumia hadi kurudi ni siku 143. Hakumaliza hata dakika kumi. Akaenda kumpiga beki chenga yake ile ya kupitisha mguu juu ya mpira, akakanyaga, goti likalegea chini yake. Hakuguswa na mtu. Safari hii kano ilikatika yote. Mfiziotherapia wake Mbrazili, Nilton Petrone, ambaye watu wa mpira wanamwita Filé, amesimulia kwamba pia ya goti ilipanda hadi katikati ya paja. Haishangazi: ukikata kamba ya chini, anayevuta juu anashinda.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo kocha wako ameiruka. Ronaldo alirudi mara mbili. Mara ya kwanza alirudi kabla ya miezi mitano na akapata dakika chache. Mara ya pili hakucheza mechi ya mashindano hadi Septemba 2001, karibu mwaka na nusu, na miezi tisa baadaye akafunga mabao manane kwenye Kombe la Dunia, mawili kati yake kwenye fainali dhidi ya Ujerumani, Yokohama, tarehe 30 Juni 2002. Ni mtu yule yule na goti lile lile, na daktari yule yule wa Paris. Sitasema kwamba haraka ndiyo iliyomkata mwaka 2000, maana kano iliyokwisha kuchanika inaweza kukatika hata ikingojewa. Lakini mtu akikuletea Ronaldo kama sababu ya kufanya haraka, mwambie achague ni Ronaldo yupi anayemsema.

Tuje kwenye kano yenyewe, kwa sababu hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Watu wanadhani maumivu kama yako ni uvimbe, kitu kimechomeka, kikipoa kinapona. Kwa mwezi wa kwanza labda. Kwa mwezi wa saba, hapana. Kano imesokotwa kwa nyuzi, kama kamba ya katani. Ukiipa mzigo halafu ukaipa muda, nyuzi zinajipanga na kuwa imara zaidi. Ukiipa mzigo mwingine kabla haijamaliza kujipanga, na mwingine, na ndondo Jumamosi na ligi Jumapili, nyuzi zinaanza kulegea na kukaa ovyo, na mwili unajaribu kuziba viraka. Na kano haina damu nyingi kama msuli. Msuli ukichanika kidogo unaweza kupona kwa wiki chache, kano inahesabu kwa miezi. Ndiyo maana goti lako linauma ukianza, linatulia ukipata moto, halafu linakulipisha usiku. Hiyo ni tabia ya kano iliyochoka, na hata kwa maandishi naitambua, ingawa kuthibitisha lazima mtu akushike goti.

Ndiyo maana pia mapumziko yako ya wiki tatu yalikudanganya. Ulipopumzika, maumivu yaliondoka kwa sababu hakukuwa na kazi. Lakini kano isiyofanya kazi hainenepi, inazidi kuwa dhaifu, na paja nalo likapungua. Ukarudi na kano dhaifu zaidi kwenye mechi ileile. Sikulaumu, kila mtu anakwambia pumzika. Ni ushauri nusu.

Sasa sindano. Nikisikia neno hilo huwa nauliza: sindano ya nini? Kwa sababu mtaani kuna vitu vitatu vyenye jina moja. Kuna ya maumivu ya makalioni, mara nyingi diklofenaki, ambayo inanyamazisha tu, na ukiizoea tumbo na figo zinalipa. Kuna ya ganzi pale pale gotini, ambayo inazima kengele wakati nyumba inaungua. Na kuna ya steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe. Hii ya tatu ndiyo ninayoikataa kwa sauti kubwa. Ikichomwa ndani ya kano ya pia, utajisikia mzima kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo nyuzi zinakuwa dhaifu wakati wewe unakimbia kwa nguvu zote. Kano zimewahi kukatika hivyo. Kama mtu hawezi kukuambia kwa jina ni dawa gani iliyomo kwenye bomba, usishushe soksi.

Ukitaka kujua maisha ya straika aliyecheza kwa sindano, usiende kwa Ronaldo, nenda kwa Gabriel Batistuta wa Argentina. Yeye ni vifundo vya miguu, si magoti. Alicheza miaka na miaka akiwa amezimwa maumivu, na baada ya kustaafu amesimulia mwenyewe kwamba kuna kipindi alishindwa kutoka kitandani kwenda chooni, na alimwendea daktari wake akamwomba amkate miguu. Huyo ni mtu aliyelipwa na klabu kubwa za Italia. Wewe ndondo inakulipa nini?

Na kwa kuwa tuko kwenye dawa, kuna moja ambayo hakuna anayeihusisha na goti. Je, miezi hii umetumia sipro, ile antibiotiki, kwa tumbo au mkojo? Ciprofloxacin na ndugu zake zinajulikana kudhoofisha kano kwa baadhi ya watu, na watu wananunua kaunta kama peremende. Kama uliandikiwa na daktari kwa sababu ya maana, usiache dozi kwa kusoma hapa, mwambie tu kwamba una kano inayouma, akuangalizie nyingine.

Njia ninayokupendekeza haina uchawi, na inachosha. Kano inatibiwa kwa mzigo uliopimwa. Anza na ukuta: mgongo ukutani, telemka kama unakaa kwenye kiti cha juu kidogo, shikilia sekunde 45, simama upumzike dakika mbili, rudia mara tano. Kila siku. Wengi wanashangaa maumivu yakipungua hapo hapo, na hiyo yenyewe ni dalili nzuri. Wiki mbili tatu baadaye unaanza vyuma, mara tatu kwa wiki, siku moja ya kupumzika katikati: kuchuchumaa na mzigo begani, na mashine ya kunyooshea goti kama kuna jimu karibu. Polepole sana, hesabu tatu kushuka na tatu kupanda. Mizunguko minne. Mwanzoni mzigo unaoweza kuunyanyua mara 15, na wiki zinavyokwenda unaongeza hadi ule unaokushinda baada ya mara sita. Kama hakuna jimu, mfuko wa mchanga unatosha kuanzia. Kuruka na kufunga breki kunakuja mwisho, paja la kulia likishalingana na la kushoto.

Kipimo chako ni hiki. Tafuta ubao, uinamishe kwa tofali, simama juu yake kwa mguu wa kulia tu, vidole vikielekea chini, kunja goti taratibu. Jipe alama ya maumivu, sifuri hadi kumi. Fanya hivyo kila asubuhi, uandike. Wakati wa mazoezi maumivu ya hadi tatu yanaruhusiwa, hujiumizi. Lakini alama ya ubao asubuhi inayofuata ikiwa juu kuliko ya jana, jana ulizidisha. Rudi hatua moja, usiache.

Itachukua muda gani? Nikikuambia chini ya wiki 12 nitakuwa nakupendezesha. Kwa goti la miezi saba, miezi minne hadi sita ni ya kawaida. Na huna lazima ya kuacha mpira wote. Wengi wangu nawaacha na mazoezi mepesi ya pasi na mechi moja kwa wiki, ili mradi alama ya ubao iko chini. Kinachotoka ni ligi na ndondo wikendi moja. Upasuaji kwa kano iliyochoka lakini haijakatika ni mlango wa mwisho kabisa, baada ya miezi mingi ya mzigo uliofanywa vizuri. Nimepokea wengi waliokuja wakidai kisu, ambao hawakuwahi kunyanyua hata mfuko wa saruji kwa mpangilio.

Nirudi kwa hofu niliyoiacha. Kano inayouma kama yako, kwa walio wengi, haikatiki kamwe. Ikikatika huwa na dalili zake, na hizo usisubiri. Ukikanyaga ukasikia mlio, goti likalegea, na ukishindwa kunyanyua mguu ulionyooka kutoka kitandani, ni hospitali siku hiyo hiyo. Nilimpokea kijana mmoja wiki tatu baada ya tukio kama hilo. Nyumbani walimwambia ni uteguko, akakandwa na maji ya moto. Nikamlaza chali nikamwambia nyanyua. Paja lilikaza, likatetemeka, kisigino hakikuachia shuka. Nilipogusa chini ya pia kidole kilizama kama kwenye embe bovu. Upasuaji ndani ya siku za mwanzo unashona kano na kano. Ukichelewa, paja limeshajivuta juu na daktari anatafuta pa kuunganisha. Usiridhike na eksirei peke yake, maana inaonyesha mifupa. Itaonyesha kwamba pia ya goti imepanda, lakini kano yenyewe inaonekana kwa ultrasaundi au MRI. Vilevile nenda ukaonwe kama goti linajifunga, linavimba maji, linakuponyoka ukigeuka, au linauma usiku pamoja na homa. Hayo si ya kano hii, na ubao wangu hautayasaidia.

Mjomba wako sasa. Ana haki nusu. Ronaldo alirudi mzito, hilo picha zinaonyesha. Februari 2008, akiwa AC Milan, kano ya goti la kushoto nayo ikakatika dhidi ya Livorno. Akaenda Corinthians, akachukua Kombe la Brazil mwaka 2009, na alipoaga Februari 2011 akasema kwamba kule Milan aligundulika tezi yake ya shingo haifanyi kazi vizuri, ile thairoidi inayoamua mwili unachoma chakula kwa kasi gani. Ikilala, mtu ananenepa na anachoka, hata akijitahidi. Alisema hakuitumia dawa kwa sababu ingehesabiwa kama doping, yaani dawa za kuongeza nguvu. Hapo niseme kama mtu wa tiba: homoni ya kutibu thairoidi haimo kwenye orodha ya dawa zinazokatazwa michezoni, na mchezaji mwenye tatizo hilo asiogope kutibiwa. Mtu aliyejenga magoti matatu upya, maana la kulia alilijenga mara mbili, mimi simwiti mzembe. Kwamba alipenda raha pia, sawa, sikuwepo.

Lakini kuna jambo mjomba hakuliona. Ronaldo wa 2002 hakuwa yule wa Compostela, na alijua. Angalia nusu fainali dhidi ya Uturuki: bao pekee la mechi analipiga kwa ncha ya kiatu akikimbia, hakurudisha mguu nyuma, kipa hakupata muda wa kuusoma. Fainali, la kwanza ni kumfuata Kahn, kipa wa Ujerumani, alipotema shuti la Rivaldo, mwenzake wa Brazil. La pili, Rivaldo anaupisha mpira, yeye anausukuma kwa upande wa mguu. Hakuna breki, hakuna kuburuza watu nusu uwanja. Aliufanya mpira uende na yeye afike. Wakati unajenga kano yako, hilo unaweza kulifanyia mazoezi bila kuliumiza goti hata kidogo: kusimama mahali sahihi, mguso wa kwanza, shuti fupi.

Na ule mkato wa nywele. Ronaldo ameeleza mwenyewe: siku zile alikuwa na maumivu ya mguu na waandishi hawakuuliza kitu kingine, basi akanyoa kichwa akaacha kile kipande mbele. Kesho yake wote wakaandika habari za nywele. Wewe huna waandishi wa kuwahadaa, una kocha mmoja. Mpelekee daftari la alama za ubao za wiki mbili, mkae chini mpange ni mechi ipi kati ya mbili utaicheza. Ukifika wiki ya sita na alama haijashuka, niandikie tena, au bora zaidi mtafute mfiziotherapia wa hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, uende na viatu unavyochezea.